Askari Aliyewaandikisha Watu wa Mtihani

Saa moja asubuhi magari matatu yamesimama nje ya geti la jengo la ofisi pale mtaani Nakasero, na dereva wa mbele ameshaanza kupiga honi. Abdul-Karim Marajan hana habari naye. Anapitisha kioo chake cha mpini mrefu chini ya gari, anafungua buti, anagonga tairi ya akiba, kisha anaandika jina, namba ya gari, saa na sababu ya kuja.

"Mimi siruki kitu," anasema. "Kwa geti, kitu moja ukiruka, hiyo ndiyo inakuuma."

Kwa sifa hiyo amedumu getini miaka kumi na tisa. Kwa sifa hiyo hiyo ameanguka mtihani mara mbili.

Mtihani ni wa kampuni yake ya ulinzi: vifungu sita vya Kiingereza, maswali arobaini, dakika thelathini na tano. Anayefaulu huhamia chumba cha kamera, kazi ya kukaa. Abdul-Karim, Mnubi wa miaka hamsini na moja, husimama saa kumi na mbili kwa siku kwa mshahara wa shilingi laki tatu kwa mwezi, na goti lake la kushoto limegoma kupanda ngazi. Kampuni inaruhusu majaribio matatu tu.

Mara ya kwanza aliishia swali la tisa, ya pili la kumi na tatu. Kisa anakieleza bila haya: kila mtu aliyetajwa kwenye kifungu alimwandikisha pembeni mwa karatasi. Jina, anatoka wapi, anakwenda kwa nani, ameingia saa ngapi.

"Kulikuwa doktari moja, aliingia kwa mstari ya pili, halafu simuoni akitoka. Nilimtafuta dakika sita mzima!"

Mkewe, Sitti, alicheka mpaka akashika ukuta. "Mzee wangu, yule ni mtu ya karatasi! Atatoka aende wapi?"

Aliyemwokoa ni Darlène, Mkongomani anayeuza chai na mandazi ng'ambo ya barabara. Kwao Bukavu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na ualimu haujamtoka. Hata mandazi anayapanga mistari. Mchana, wateja wakipungua, alimsomesha mzee kwa magazeti ya zamani ya kufungia mandazi, akimtungia maswali, simu ikihesabu dakika. Wiki mbili zikapita bila nafuu. Mwanafunzi alisoma midomo ikimcheza, kidole chini ya kila neno, kama anayekagua kitambulisho cha bandia.

Ndipo polisi wakaleta namba ya pikipiki iliyoibwa, walinzi wote wa mtaa wakaambiwa waitafute. Boda boda zilipita kwa makumi, na Abdul-Karim hakuisimamisha hata moja. Macho yake yaliteleza juu ya namba tu. Darlène aliacha birika likichemka, akavuka barabara.

"Papa, pikipiki zote zile, juu ya nini hauziandike?"

"Niandike ya nini? Natafuta moja tu."

"Basi soma swali kwanza! Swali ni ile namba ya polisi. Zingine ziache zipite. Ukiiona yenyewe, hapo njo unafunga geti, unaikagua muzuri."

Mzee aliketi juu ya kreti ya soda, akaomba gazeti. Siku hiyo alimaliza kifungu kwa dakika tano, akakosa swali moja.

Jumamosi iliyopita alifanya jaribio lake la mwisho. Alitoka kola imelowa jasho, lakini maswali yote arobaini alikuwa ameyajibu, dakika nne zikiwa zimebaki. Matokeo yatatoka Ijumaa. Sitti ameshawatangazia majirani kwamba mumewe amefaulu, na hilo linamtia mzee hofu kuliko mtihani wenyewe.

Ila kuna jambo jingine linalomkosesha raha. Kifungu cha tano kilisimulia mama aliyembeba mtoto mgonjwa kwenda hospitali, mvua kubwa ikinyesha. Swali liliuliza daraja lilivunjika siku gani. Alilipata jibu mara moja, akasonga mbele.

"Ilikuwa Jumanne," anasema, na sauti inamshuka. "Lakini ile mtoto, alipona? Sijui. Niliwaacha pale kwa daraja."

Ijumaa, afaulu au aanguke, ataiomba ofisi impe ile karatasi.

"Nitasoma yote, pole pole, mpaka nijue kama walifika."