Nilivyoitwa "mwanaume aliyefungwa" kisa kumpikia mke wangu hoho

Wakuu, wakubwa shikamooni, wa rika langu mambo vipi.

Naandika nikiwa na hasira bado. Nimesubiri wiki tatu nikidhani zitapoa, hazijapoa. Mke wangu amekaa hapa pembeni, kila nikimaliza kipande namsomea, kwa hiyo hata nikitaka kuongeza chumvi sina nafasi. Ndivyo ilivyokuwa.

Mimi ni fundi wa kuchomelea, niko Singida mjini, kwetu ni Ihanja. Mke wangu nitamwita Rehema, sio jina lake. Juzi juzi hapa kajifungua mtoto wetu wa kwanza, wa kike, kwa operesheni.

Waliopitia hii kitu wanajua. Mtu kachanwa tumbo, hata kukohoa ni shughuli. Nesi alivyoturuhusu kutoka wodini alinishika mkono kabisa, akaniambia: "Baba, huyu asiiname, asinyanyue kitu kizito, na ale mboga za kutosha. Umenisikia?"

Nikamwambia nimesikia.

Sasa wa kumhudumia ni nani? Mama yangu yuko Ihanja, miguu imevimba, kusimama tu mtihani. Mama mkwe yuko Kigoma ana mgonjwa wake. Dada wa kazi tuliyeahidiwa hakutokea mpaka leo.

Nikabaki mimi. Na mimi wakuu, nilikuwa najua kupika chai tu. Tena ya rangi.

Sokoni kuna mama mmoja muuza mboga, yule anatenga pembeni hoho zilizopinda, zilizobabuka na jua, na zilizoanza kulegea kidogo. Wenye hoteli hawazigusi. Kwa bei ya fungu moja unabeba mfuko mzima. Hali yangu ilikuwa ngumu baada ya gharama za kujifungua, nikasema hii ndiyo saizi yangu. Nikarudi na hoho, vitunguu na nyanya chache. Mafuta ya alizeti yalikuwepo ndani.

Siku ya kwanza nilikata hoho na mbegu zake zote, nikamwaga maji nusu sufuria, nikafunika, nikaenda kuoga. Nilichokuta baada ya hapo sijui nikiiteje. Rangi ya tope. Nimempelekea Rehema kitandani, katazama bakuli, kanitazama mimi, kaanza kucheka huku kashikilia mshono analia "usinichekeshe, unaniua!"

Basi kuanzia hapo akawa ananifundisha kwa sauti akiwa kitandani, mlango wazi, mimi niko kibarazani na jiko la mkaa.

Nawapa hapa hapa, maana najua kuna mabachela humu wanakula chipsi kila siku.

Hoho haitaki kuchemshwa. Toa mbegu na zile nyama nyeupe za ndani, hizo ndizo zinaleta uchungu. Kata nyembamba. Kitunguu kwanza kwenye mafuta, kikilainika weka nyanya, zikiiva na kukauka maji ndiyo unatupia hoho na chumvi. Funika, hesabu dakika nne, ipua. Inabaki kijani na bado inalia ukitafuna. Maji usiweke hata tone.

Ukiwa na karanga za kusaga, koroga vijiko viwili kwenye maji ya moto, mwagia kabla hujaipua, acha ichemke kidogo. Kwa ugali wa mtama hiyo kitu ni hatari.

Asubuhi nilikuwa nakata hoho mviringo kama pete, naweka kwenye kikaango, kila pete napasulia yai ndani. Mayai mawili yanashibisha mzazi na mimi napata cha kuanzia siku.

Mkaa ukikaribia kuisha usiuzime. Laza hoho nzima juu yake, geuza geuza mpaka ngozi iwe nyeusi kote. Itoe, ifunikie kwenye bakuli ipoe, halafu menya. Ngozi inatoka yenyewe. Ponda na nyanya iliyochomwa, kitunguu saumu na chumvi, kamulia ndimu. Rehema alikula hiyo na kiporo cha wali, akalamba kidole. Nilijisikia nimejenga ghorofa.

Kibaraza chetu kiko wazi, kila anayepita ananiona. Vijana wa bodaboda pale kona wakaanza kuniita "mama lishe". Nilikuwa nacheka nao. Hao hawakunisumbua.

Aliyenisumbua ni baba mdogo.

Huyu lazima niwaeleze ni nani, msije mkadhani ni ndugu wa kupita. Baba yangu alifariki nikiwa darasa la tano. Baba mdogo, mdogo wake, ndiye aliyenilea. Ufundi huu kanilipia yeye. Posa ya Rehema kaenda yeye. Kwa hiyo nikisema nina hasira naye, sio hasira nyepesi.

Jumatano moja, saa saba mchana, katokea kutoka Ihanja na kuku kafungwa miguu. Kanikuta kibarazani nimechuchumaa, nasonga ugali, mboga ya hoho na karanga iko pembeni tayari.

"Shikamoo baba."

Hakuitikia. Kasimama tu. Halafu akasema kwa sauti, watu wanasikia:

"Nimekuja kumwona mzazi. Sasa huyu kuku sijui nimkabidhi nani, maana naona wazazi wawili."

Nikacheka. Nilidhani ni utani wakuu. Nikamkaribisha ndani, nikamnawisha, nikatenga chakula. Rehema katoka chumbani taratibu anatembea kashikilia ukuta, kampa shikamoo, kampakatisha mtoto.

Baba mdogo kamwangalia mtoto mara moja, kamrudisha. Kafunua bakuli.

"Hii kapika nani?"

"Mimi, baba. Rehema bado ana mshono."

"Siku ya ngapi unapika?"

"Ya kumi na mbili."

"Siku kumi na mbili, mboga hii hii?"

Nikamwambia ndiyo, hoho ni rahisi, na nesi kasema ale mboga. Sikumaliza. Kanyanyuka na bakuli mkononi, katoka nje, kalimwaga lote kwenye mtaro. Mbele ya majirani. Chakula cha mzazi!

Karudi mlangoni kamnyooshea Rehema kidole.

"Mwanangu sikumlea awe hivi. Umemfunga. Umemlisha vitu vyako mpaka anachuchumaa jikoni kama mwanamke. Jumapili nakaa na wazee, tutajua hii hoho ina nini ndani."

Kachukua na kuku wake, kaondoka naye.

Mnisamehe wakuu, lakini hata kuku jamani?

Najua mtaniuliza mbona sikusema kitu. Sikusema. Huyu ni mtu aliyeninunulia daftari. Nilisimama pale kama nguzo ya umeme mpaka akapotea kwenye kona. Na hicho ndicho kitu kinachonifanya nijichukie mpaka leo, kwa sababu Rehema alikuwa anasubiri nimtetee, nikanyamaza.

Jioni nikamuuliza ale nini, akasema hana njaa.

Alhamisi nikaenda karakana kumalizia geti la mtu. Nilimwambia nitarudi saa sita kupika. Nimerudi saa sita kasoro.

Nimemkuta kibarazani kakaa chini, kaegemea ukuta, ndoo ya maji imemwagika pembeni, jiko limewashwa, hoho ziko kwenye sinia zimekatwa vizuri kabisa. Kashika tumbo. Gauni mbele limelowa damu.

Nikapiga kelele. Akaniambia neno moja tu: "Nilitaka wakipita wanione mimi."



Jirani yetu mmoja, mama mtu mzima, kamchukua mtoto, tukapanda bajaji mpaka hospitali. Mshono ulikuwa umefumuka upande mmoja. Wakamsafisha, wakamshona upya. Nesi ni yule yule, Rehema kamweleza habari ya ndoo. Kaniangalia kwa jicho ambalo sitalisahau: "Si nilikwambia asinyanyue kitu? Nani kamwambia abebe ndoo?"

Ningemjibu nini? Kwamba kuna mzee kamwaga mboga?

Jumamosi tukaruhusiwa. Jumapili yule mama jirani kakubali kushinda na Rehema, mimi nikapanda gari la Ihanja. Nilikuwa na hasira mpaka konda kaogopa kunidai nauli, kamtuma abiria mwingine aniambie.

Kikao kilikuwa sebuleni kwa mama. Baba mdogo, wazee wawili wa ukoo, na mama kwenye kigoda karibu na mlango wa uani, miguu kainyoosha. Nikawapa shikamoo wote, na yeye pia. Hasira haiondoi adabu.

Baba mdogo akaanza. Kijana wetu kafungwa. Anapika, anafua nepi, anamwogesha mtoto. Kila siku hoho, hoho gani hiyo isiyochosha kama sio dawa? Anapendekeza mwanamke arudishwe kwao Kigoma akapumzike, na mimi nitafutiwe mtu wa kuniangalia.

Mzee mmoja akaniuliza kama nina la kusema.

Nilikuwa nimepanga maneno mengi njiani, yote yakapotea. Nikasema: "Rehema kafumuka mshono Alhamisi. Alibeba ndoo ili apike yeye, kwa sababu ya maneno ya baba. Angekufa, leo mngekuwa mnakaa kikao gani?"

Baba mdogo akasema hiyo ni kazi ya Mungu, wanawake wote wanazaa na wanapika, hata mama yangu hapa alizaa akapika.

Ndipo mama akaongea. Mama yangu huwa haongei kwenye vikao. Alianza kwa Kinyaturu, kwa sauti ya chini, halafu akahamia Kiswahili kama anayetaka kila mtu asikie vizuri.

"Shemeji, umesema nilizaa nikapika. Waeleze basi nilivyopika."



Mama akapandisha mkono wa gauni. Ana kovu kubwa kutoka kiwiko mpaka karibu na bega. Tangu utoto nilikuwa naambiwa aliungua akiwa msichana.

"Huyu mtoto alikuwa na siku nne," akanionyesha mimi. "Dada zenu walisema watakuja kunipikia, hawakuja. Kaka yako alikuwa mle ndani, anasubiri chakula, kwa sababu mwanaume hashiki sufuria. Nikaamka. Nikapata kizunguzungu nikaangukia mafiga. Aliyenitoa motoni ni nani, shemeji?"

Baba mdogo akainamia kofia yake.

"Nakuuliza. Ni nani?"

"Ni mimi," akasema.

"Ulikuwa kijana mdogo, ukalia kuliko mimi. Halafu mkakubaliana niseme niliungua utotoni, kaka yako asiaibike. Miaka yote hii nimesema hivyo. Leo umekwenda kumwaga chakula cha mzazi."

Mzee mmoja akatazama chini. Yule mwingine akaanza kutafuta fimbo yake. Baba mdogo kachukua kofia, katoka bila kuaga. Kikao kikaishia hapo.

Mimi nilibaki nimemshika mama mkono. Kumbe baba yangu mwenyewe, ambaye nimekuwa nikimlilia miaka yote, alikuwa amekaa ndani anasubiri ugali wakati mama anaungua. Hasira nilizokwenda nazo zikapata mtu wa pili, na huyu wa pili siwezi hata kumuuliza.

Sasa hivi Rehema anaendelea vizuri, mshono umekauka. Wiki iliyopita baba mdogo katuma ujumbe kupitia mama: yaishe. Ndiyo hilo tu. Nikamjibu mama kwamba yataisha siku atakayokuja mwenyewe, aseme mbele ya Rehema kwamba alikosea. Hajaja.

Nilidhani Rehema atafurahi na msimamo wangu. Akaniambia: "Mimi samahani yake siihitaji sana. Ila huyu tuliyezaa ni wa kike. Siku na yeye akizaa, asiwepo mtu wa ukoo wenu wa kumwambia maneno yale. Hilo ndilo ulipiganie."

Ndiyo maana nimeamua kuandika.

Nilichojifunza ni hiki. Unaweza kumheshimu aliyekulea na bado ukamwambia "hapana" pale pale mlangoni, siku hiyo hiyo. Mimi nilichelewa siku moja, mke wangu akalipa kwa damu. Kama una mzazi ndani, washa jiko. Anayesema umefungwa mwache aseme, yeye halali na mgonjwa wako.

Na nyie mama zetu mnaoficha makovu kulinda majina ya waume zenu, tuambieni mapema. Tungejua, tungekuwa watu tofauti.

Haya, uwanja wenu. Wenye njia nyingine za kupika hoho bila nyama wekeni, nazihitaji kweli, karanga zimeanza kutuchosha. Mliowahi kukwaruzana na mzee aliyewalea, niambieni mlimalizaje. Na wewe unayetaka kuandika kwamba nimekaliwa na mke, andika tu, ila kwanza mpigie mama yako simu umuulize siku uliyozaliwa nani alipika.