Foronya Yenye Ua Jekundu

Kila mwaka mdogo wake aliyeolewa ng'ambo humpigia simu: "Dada, nije mwezi gani?" Naye, dobi wa hoteli, humjibu: "Njoo kiangazi, mvua isije ikakutia matope." Mwaka huu alipaka chumba rangi, akajinyima akanunua godoro. Kiangazi kikaingia, mdogo mtu akadai kazi zimembana.

Siku moja, kwenye rundo la mashuka ya wageni walioondoka, dobi akakuta foronya yenye ua jekundu. Aliidarizi mwenyewe, zawadi ya harusi ya mdogo wake. Akaifua, akaianika.

Jioni simu ikalia. "Dada, mwakani nije lini?"

"Si ulishakuja, mdogo wangu? Foronya yako imeshakauka."