Apolonia wa Michembe

Wanaosema Apolonia aliponzwa na tamaa hawajawahi kuishi kwa mshahara wa mapokezi. Mimi naujua. Tulikaa meza moja kwenye zahanati ya mtu binafsi hapa Bariadi, yeye akiandikisha wagonjwa, mimi nikipokea malipo, asubuhi mpaka jioni, na Jumamosi hivyo hivyo. Akishalipa chumba na kununua dawa za kisukari za mama yake, mfuko ulikuwa mtupu. Alipoanza kuuza michembe mtandaoni nilimpongeza, na sijutii.

Michembe ilitengenezwa na mama huyo huyo, Bi Shida, aliyeishi peke yake kijijini Mwamapalala. Alimenya viazi vitamu, akavikata vipande vyembamba, akavianika juu ya mwamba nyuma ya nyumba mpaka vikakauka. Apolonia alipiga picha, akaweka status, akaweka Instagram. Wasukuma walioko Dar na Dodoma wakamvamia, na mizigo ikawa inapanda basi kila wiki.

"Mayu, chakula cha njaa kinaliwa na watu wenye mishahara?" Bi Shida alimuuliza binti yake, akimwita 'mama' kwa Kisukuma, akacheka mpaka akakohoa.

Tabu ilikuwa muda. Mchana ulikuwa wa mwajiri, jioni ya kufunga mizigo na kujibu wateja, Jumapili ya kukimbilia Mwamapalala kuchukua mzigo mwingine. Ili asiandike kitu kile kile kila mara, alihifadhi majibu kwenye simu: "Habari mpendwa, michembe ipo, karibu." Akabonyeza tu, likaenda. Kisha akahifadhi na jingine, la misiba.

Kijijini kwao mtu akifa, majembe yanalala. Kila nyumba inatoa mtu. Wanaume wanachimba kaburi, wanawake wanachota maji, wanapika, wanalala chini na wafiwa. Bi Shida alikuwa na kidonda cha mguu kisichopona, hivyo mtu wa nyumba ile alikuwa Apolonia. Naye alituma pesa. Hakukosa hata msiba mmoja, tena alitoa kuliko wengi, na chini yake ujumbe wake uliohifadhiwa: "Poleni sana. Nimebanwa na kazi, ila tuko pamoja kwenye maombi."

Mhoja, jirani aliyekuwa akimsaidia Bi Shida kuanika, alipofiwa na mtoto, alitumiwa huo huo. Nilikuwepo. Mkono mmoja wa Apolonia ulishika simu, mwingine unafunga mfuko wa michembe ya mteja wa Kimara.

Ndaki, nsumba ntale wao, yaani kiongozi wa vijana wa kijiji, alimpigia. "Dada, hela yako tumeipata. Ila hela haichoti maji."

Mama yake naye akamwambia, "Mayu, mimi nitazikwa na nani? Njoo ukae nao hata kidogo."

"Mama, nikikosa kazini wananikata. Nikinyamaza, wateja wanahama. Mwakani naacha kazi, narudi hapa tuanike wote."

Alimaanisha. Ndiyo sababu nina hasira mpaka leo.

Bi Shida hakufika mwakani. Nilienda na Apolonia kuzika. Vijana wa Ndaki walikuwepo, maana maiti haisusiwi. Walichimba kimya, katekista akasali, wakafukia, wakanawa mikono, wakaondoka. Mwanamke wa kijiji hakuonekana hata mmoja. Hapakuwa na moto uani, wala sufuria, wala mtu wa kulia naye. Mfiwa mwenyewe alichukua ndoo kwenda kisimani, jambo ambalo kwa Wasukuma ni fedheha kubwa. Nilimfuata na ndoo ya pili. Niliwachukia wanawake wale, kwa sababu marehemu hakuwakosea kitu. Na bado sikuweza kusema wamemwonea binti yake.

Tuliporudi, simu yake ikaanza kulia. Zilikuwa rambirambi, pesa na ujumbe chini yake. Zilitoka kwa wanawake wa nyumba zile zile tulizokuwa tunaona mapaa yake pale uani. Ya Mhoja ikaja mwisho. Nyumba yake ilikuwa ng'ambo tu ya uzio wa minyaa, mlango wazi, moshi wa chakula cha mchana ukitoka.

Apolonia alinisomea kwa sauti. "Poleni sana. Nimebanwa na kazi, ila tuko pamoja kwenye maombi."

Akaisoma tena kwa macho. Kisha akauliza, "Na mimi nilimwandikia hivi?"

"Ndiyo," nikasema.

Michembe ya mwisho ya Bi Shida ilikuwa bado imeanikwa juu ya mwamba, haijageuzwa. Apolonia aliiacha simu pale katikati yake, ikiendelea kulia, akazunguka uzio, akaketi chini mlangoni kwa Mhoja, akaanza kumlilia mtoto aliyezikwa tangu wakati wa mvua. Mlango haukufungwa, lakini Mhoja hakutoka.