Mgongo wa Taisto Ulirudi Bila Kovu

Jumamosi ya wiki ya tano ya mgomo, Taisto Vainikka alivua shati mbele yangu, na mgongo wake haukuwa na kovu.

Kovu lile nilikuwa nalijua kuliko mkewe. Nililiweka mimi.

Mwaka wangu wa kwanza kiwandani nilifungua valvu ya mvuke bila kuangalia nyuma. Taisto akaungua kuanzia bega hadi kiuno. Bosi alipouliza nani kafungua, Taisto akasema hakuona. Miaka thelathini na moja hakunitaja.

Sasa yuko uchi kwenye benchi la juu la sauna, kile chumba chetu cha kuogea mvuke, anamwagia mawe ya moto maji, ngozi laini kama ya mtoto wa jana.

"Mbona umenikodolea macho, Oiva? Nimeota mkia?"

"Mvuke tu umeniingia machoni."

Kamati nzima ya mgomo ikacheka.

Kwetu Ufini, ndani ya sauna watu hawagombani wala hawahojiani. Siasa unaiacha nje pamoja na viatu. Nimelelewa hivyo, na siku ile, kwa kutomuuliza, nilijiona mtu mwenye adabu.

Ngozi mpya ina maana gani, kila mfanyakazi wa kiwanda chetu cha karatasi alijua.

Miaka sita iliyopita wenye kiwanda walituingiza mmoja mmoja kwenye chumba cheupe. Wakatutoa damu, wakasoma vichwa vyetu kwa mashine. Eti bima. Ukifa kazini, wanaotesha mwili wako upya, wanaujaza kumbukumbu zile, zamu inaendelea.

Nakala hiyo haidai likizo. Haipigi kura. Na ikikamatwa inajifanya mtu, sheria inasema izimwe.

Mgomo wetu ulihusu hilo hilo. Walitaka kutufukuza watu mia nne na kuweka nakala. Taisto ndiye alikuwa mwenyekiti wetu. Alhamisi tulikuwa tupige kura: tuendelee au turudi kazini.

Wiki mbili nyuma alikwenda mji mkuu kuonana na mabosi. Akakaa siku nne. Akarudi amewaka moto kuliko alivyokwenda.

Nikiwa pale kwenye benchi nikaamini jambo moja: wamemuua Taisto, wametuletea kibaraka.

Jumapili, wakati yeye yuko zamu ya kulinda lango, nikaenda kwa mkewe, Hilkka.

"Shemeji, mzee yukoje siku hizi?"

Akamimina kahawa kwanza. "Ananichekesha. Alikuwa ameacha, unajua. Mwaka mzima alikaa hapo dirishani kama mtu anayesubiri basi."

"Na kingine?"

Birika likasita hewani. "Juzi alifungua mlango wa nyuma akamwita Musti."

Musti alikuwa mbwa wao. Nilisaidia kumchimbia shimo mimi mwenyewe, miaka minne iliyopita.

"Ukamwambiaje?"

"Kwamba kaenda kuzurura. Oiva, usiniulize tena. Kula mkate wako."

Mama wa watu alikuwa ameniambia mambo mawili. Mimi nikasikia la mbwa tu.

Hesabu ilikuwa rahisi. Kichwa kilisomwa miaka sita iliyopita, mbwa alikuwa hai. Yule ni nakala.

Kitu kimoja kilinikera. Kama mabosi ndio waliomtuma, mbona anatuambia tusirudi kazini? Nikajijibu mwenyewe: wanataka tugome mpaka njaa itumalize, halafu watufute wote. Nikiwa na hasira mimi sikosi jibu.

Jumatatu nikawapigia simu wakaguzi wa nakala wa serikali.

Alhamisi, saa nne asubuhi, ukumbi wa wafanyakazi umejaa pomoni. Taisto yuko jukwaani anachapa meza.

"Jamani, wiki mbili tu! Wameishiwa pumzi hao!"

Wakaguzi wawili wakapanda, wakamtoboa kidole. Mashine ikalia.

"Nakala!" mtu akapiga kelele. "Chawa wa mabosi! Mtoeni!"

Nikasimama ili kila mtu anione. "Mimi ndiye niliyemripoti."

Nilitegemea atanitukana. Alinitazama tu, mikono yake ikifungwa.

"Umejua tangu lini?"

"Jumamosi. Kwenye sauna."

"Ungeniuliza tu, bwana. Ningekwambia yote."

"Kwenye sauna hatuulizani."

"Basi ungeniuliza tukivaa viatu."

Wakamburuta. Mlangoni akageuka: "Msirudi kazini! Nisikilizeni, msirudi!"

Nani angeisikiliza nakala? Tukapiga kura, tukarudi. Wiki ya tatu barua za kufukuzwa zikatoka, zote mia nne. Wakati huo yeye alikuwa ameshazimwa.

Mwezi uliofuata, mchana kweupe, Taisto Vainikka akashuka kwenye teksi mbele ya nyumba ya Hilkka, mweusi kwa jua la Uhispania. Alikuja kuchukua nguo zake.

Nilivuka barabara mbio. "Uko hai?"

"Sijawahi kufa, Oiva." Hakuniangalia. "Walinipa nyumba kule kusini. Nilichoka, bwana. Wakasema watatengeneza mwingine aje awaambie mrudi kazini. Nikasaini."

"Lakini yeye alikataa."

"Walimjaza kichwa changu cha miaka sita nyuma." Akafunga zipu ya begi. "Miaka sita nyuma hata mimi ningekataa. Wakashindwa kumzima wenyewe, maana wangeulizwa nani kamtengeneza, na kunakili mtu aliye hai ni jela. Ikabidi wasubiri mmoja wenu amripoti, wakaguzi wadhani Taisto mwenyewe alishakufa."

Hilkka alikuwa amesimama mlangoni. Hakumtazama mumewe. Alinitazama mimi.

"Nilijua tangu siku ya kwanza alipokuja yule mwingine," akasema. "Sasa wewe nani alikutuma unirudishie huyu?"

Nikavuka barabara kurudi upande wangu.

Nilikwenda kwa wakaguzi kuomba hata majivu ya yule waliyemzima. Karani akauliza: "Wewe ni nani wake?" Nikasema rafiki. Akasema nakala haina rafiki wala kaburi, mzee, nenda nyumbani.

Nimepigana na mabosi tangu nina miaka kumi na tisa. Sijawahi kuwafanyia kazi nzuri kama ya wiki ile, tena bila kutumwa.

Kwa hiyo wewe unayesoma hapa, ukimshuku mwenzako katika mapambano, kabla hujainua simu, kaa naye. Muulize usoni. Usitazame katoka wapi, tazama kasimama upande gani.

Mimi nimejifunza nimechelewa. Na kichwa changu pia kimo kwenye rafu zao, Oiva wa miaka sita iliyopita, ambaye hajamripoti mtu yeyote.

Siku wakimwotesha akaja kunigongea mlango, ataniuliza Taisto yuko wapi.