Munkoyo wa Asubuhi ya Kupima Sukari

Kijijini wananiita dokta, na sijawahi kuwakatalia. Mimi ni muuguzi, mkuu wa kituo kidogo cha afya mbele ya mtaa wa Ruashi, pale lami inapoisha na vumbi jekundu linapoanza. Kila asubuhi natoka nyumbani mjini, mtaa wa Bel-Air, na pikipiki yangu, koti jeupe nimelikunja mfukoni, maana nikilivaa njiani nafika nikifanana na fundi wa matofali. Nikishuka nalivaa, nakohoa kidogo, na udaktari unaanza.

Tulipoletewa kipimo cha sukari, kile kimashine cha kutoboa kidole na kunyonya tone la damu, nilifurahi kupita kiasi. Kwa muda mrefu nilikuwa mtu wa malaria na minyoo. Sasa nilikuwa na ugonjwa wa watu wakubwa. Jumapili nilisimama kanisani baada ya misa nikahubiri kuliko padri. Nilieleza habari za kongosho, nikaeleza macho yanavyopotea na miguu inavyooza, nikachora hewani kwa kidole. Mwishoni nikawaambia waje siku ya kupima bila kula kitu. Habari ya kunywa sikuigusa. Nilikuwa nimeshaanza kupokea pongezi.

Nyuma ya kituo anakaa mama mmoja mjane anayepika munkoyo, kinywaji cha kwetu. Unga wa mahindi, maji, na ile mizizi inayoutia utamu: hakuna harusi wala matanga katika vijiji vile bila ndoo zake. Dada yake alikatwa mguu mjini kwa sababu ya sukari, na hakuishi muda mrefu baada ya hapo. Kwa hiyo mahubiri yangu yalimwingia. Alinifuata mlangoni mwa kanisa akaniambia kwa sauti ya chini kwamba koo lake linakauka siku nzima, na usiku hakai kitandani, anatoka kwenda chooni kila wakati. Alitaka kujua kama na yeye amefikiwa. Nilimwambia asiwe na wasiwasi, mimi nipo.

Asubuhi ya kupima walijaa. Wengine walikuwa wametembea tangu giza, wakakaa kwenye benchi zetu huku vumbi limewafika magotini. Yule mama hakuweza kuvumilia kuona wageni wamekaa hivihivi. Akaleta ndoo ya munkoyo na vikombe, akapita benchi kwa benchi. Kikombe cha kwanza alinipa mimi, kwa mikono miwili, kama inavyostahili mkuu wa kituo. Nilikunywa, nikasifu, nikaongezewa. Kisha nikavaa glavu.

Mzee wa kwanza, sukari juu. Mkewe, juu. Kijana mcheza mpira, mwili wote mishipa, juu. Mwanzoni nilihuzunika. Baadaye, na hili linaniuma kulisema, nilianza kusisimka. Kila kidole kilichopita kilikuwa kibaya, na mimi niliona jina langu likitajwa kwenye mikutano mjini. Yule mama alipoweka ndoo chini akanipa kidole chake, namba yake iliwapita wote, tena kwa mbali. Sikumtazama hata usoni. Nilishika simu mkono mmoja, kikombe mkono mwingine, nikampigia daktari wa eneo, bosi wangu, nikamwambia kwamba hapa kijiji kizima kina ugonjwa wa sukari, alete watu.

Daktari aliuliza swali moja tu, kwa upole wa mtu anayezungumza na mlevi.

"Bale bantu banakunywa nini?"

Niliangalia mkono wangu. Kikombe kilikuwa bado kimo.

Aibu ile sitaki kuieleza sana. Mtu mwenye busara angekaa chini, akafikiri, akawauliza wagonjwa wake mmoja mmoja. Mimi nilichagua kuficha aibu. Nilitoka mbele ya benchi nikacheka kwa nguvu ili nionekane kwamba nilijua tangu mwanzo. Nikatangaza kwamba hakuna mgonjwa, ni munkoyo tu unaosomeka ndani ya damu, warudi siku nyingine tumbo likiwa tupu kabisa. Watu walicheka nami, wengine kwa furaha ya kweli. Na kwa sababu kicheko kilinoga, niliongeza kimoja juu ya mama yule. Nilisema mpishi ndiye aliyewashinda wote, inaonekana anaonja kwa ndoo.

Alitabasamu, akasogea karibu.

"Basi miye niko muzima, dokta?"

"Muzima kabisa, mama."

Alifumba macho. Niliona mabega yake yakishuka, nikajipongeza kwa kumpa mtu amani.

Mchana nilifunga kituo nikaondoka. Pale Ruashi malori ya mgodi yalikuwa yamepangana barabarani kama kawaida, nami nikasimama nyuma ya moja nikila moshi. Kando ya njia mwanamke alikuwa anawauzia madereva munkoyo. Madereva walikunywa, wakarudisha vikombe, wakaongezewa. Yeye mwenyewe alimimina tu.

Ndipo nikamkumbuka mama yangu. Nilikulia mtaa wa Hewa Bora, mtoto wa mpika munkoyo, nimelelewa na kusomeshwa na ndoo. Wageni walipokuja nyumbani kwetu, mama hakuweka tone mdomoni mpaka wa mwisho wao ameshiba na kurudisha kikombe. Sisi watoto tulikaa mlangoni tukihesabu kila funda la mgeni kwa chuki. Hakuna anayeijua desturi hiyo kuliko mimi. Nilijaribu kumwona tena yule mama wa asubuhi, ndoo mkono huu, kikombe mkono ule, na nikatafuta wakati aliokunywa. Haukuwepo. Wote walikuwa wamekunywa, na mimi zaidi yao, isipokuwa yeye.

Niligeuza pikipiki pale pale katikati ya malori. Ilizimika. Nilipiga teke, nikapiga tena, nikaitukana, nikaisukuma huku dereva mmoja akinishauri nimtafute fundi wa pikipiki na fundi wa kichwa. Ilipowaka sikukumbuka koti wala vumbi. Niliogopa. Sijui niliogopa nini zaidi, namba ile au yale mabega yaliyoshuka.

Nilimkuta uani kwake, amekaa kwenye kigoda, ndoo miguuni. Wageni wote walikuwa wameshakwenda. Alikuwa amejimiminia kikombe chake, kimejaa mpaka ukingoni, na anakipeleka mdomoni. Nilimrukia nikamnyang'anya. Nusu ilimwagika kifuani mwangu.

Alinitazama bila hasira. Alinionea huruma.

"Dokta, kama ungali na kiu, iko ingine mu ndoo."

Nilimwuliza kama siku ile amekunywa munkoyo hata kidogo.

"Hapana. Ulisema bantu bakuye bila kula. Miye sikutia kitu mu kinywa tangu jana, maji tu. Na bageni bako pale, nitakunywa namna gani?"

Kwa hiyo katika umati wote ule alikuwapo mtu mmoja aliyenitii, na ndiye niliyemcheka. Nilifungua mfuko, nikatoa kimashine, nikamwomba kidole tena. Nilisali ili niwe mjinga na mara hii pia. Namba ilirudi palepale, imepanda kidogo. Alikuwa anaangalia uso wangu, hakuangalia mashine.

"Ni ile ya dada yangu?"

"Inaonekana njo ile, mama. Lakini tumeiona mapema."

Nilisema tumeiona, mimi niliyeitafuta siku nzima kwa watu wazima na kuipita palipokuwa. Hakunilaumu. Afadhali angenilaumu. Aliangalia miguu yake muda mrefu, akausogeza mmoja karibu na mwingine, akafunika yote miwili kwa kitenge. Kisha akauliza kitu ambacho hakuna mkuu wa kituo aliyewahi kufundishwa kukijibu. Nani sasa atamwonjea munkoyo wake?

Kesho yake nilimbeba nyuma ya pikipiki mpaka hospitali kubwa mjini, akapimwa upya, akapewa dawa, akafundishwa chakula. Bukari, ugali wetu, umepungua kwenye sahani yake, mboga zimeongezeka, na miguu yake naikagua mwenyewe kila anapokuja, mpaka kati ya vidole. Mpaka leo ni mizima. Munkoyo bado anapika. Mwonjaji wake ni mimi, kazi niliyojitolea kwa majuto na ninayoifanya kwa tumbo. Kila mara ananiambia nitoboe na kidole changu pia, nami namtii, maana uamuzi wangu juu ya munkoyo tumeshauona.

Siku za kupima watu bado wanajaa, na sasa kabla ya kumgusa mtu namwuliza amekunywa nini, hata mtoto mchanga. Mama anapita na ndoo, lakini ndani mna maji. Kikombe cha kwanza bado ananipa mimi, kwa mikono miwili. Namaliza, namrudishia, lakini haendi benchi. Anasimama pale pale mbele yangu na ndoo yake, watu wote wakimngoja, mpaka nimwulize.

"Na weye, mama, unakunywa?"