Shangazi na Mtambo wa Dizeli

Usiku ule nililala na hasira kifuani, na nadhani hasira hiyo ndiyo iliyomfungulia marehemu mlango.

Kazi yangu ni kuongoza umeme wa kanda yetu. Nikiwa zamu kituoni, mimi ndiye ninayeamua mtambo upi uwashwe na upi upumzike. Mchana jua na upepo vinatosha. Jioni jua linazama, upepo unalegea, watu wote wanawasha taa kwa pamoja, nami sina budi kuamuru mtambo wa dizeli uwashwe. Mtambo huo uko nyuma ya nyumba aliyonilelea shangazi yangu Mwanaidi. Aliishi chini ya moshi ule mpaka kifua kikamshinda, tukamzika.

Kesho yake wakazi wa mtaa walikuwa na mkutano na wakubwa wangu, kutaka mtambo uzimwe mara moja. Aliyewaongoza ni Zuhura, binti wa shangazi. Nilifikia kwake, maana ndiko kwetu, akanitengea chakula bila kunitazama.

"Kesho usije na michoro yako," aliniambia. "Mama hakufa kwa mchoro."

"Na bila mtambo huo hospitali inaingia gizani," nikamjibu kwa ukali. "Hilo mbona hulisemi?"

Akaondoa sahani kabla sijamaliza. Nikaenda kulala.

Nikajikuta kituoni, mchana kweupe. Kwenye kiti changu amekaa shangazi, kanga begani, amenipa mgongo.

"Shikamoo, shangazi."

Haitikii. Uhai wake wote hakuwahi kuiacha shikamoo ya mtoto ianguke chini. Namzunguka nimwone uso, naye anageuka upande wa pili, tunazungukana hivyo mpaka sakafu ya kituo inakuwa mchanga, na tuko uani kwake. Anafua shuka. Ananitupia ncha moja bila neno. Tunakamua, yeye huku, mimi kule, na maji yanayotoka ni meusi. Tunakamua tena. Meusi. Viganja vinaniwaka moto, naye anazidi kusokota, kana kwamba anachokamua ni mkono wangu.

"Shangazi, nikiuzima mtambo..."

Ananikoholea usoni. Hafuniki mdomo, yeye aliyetufundisha kufunika.

Shuka inaning'inia baina yetu sasa, imekuwa pazia. Nalisogeza. Ni wodi ya watoto njiti. Nje jua limekwisha, na mashine zinazowapa watoto joto zimenyamaza. Muuguzi amemkumbatia mmoja kifuani, anampulizia pumzi yake mwenyewe. Shangazi amesimama miguuni pa kitanda, macho makavu.

"Niwashe?" namuuliza. "Shangazi, niwashe?"

"Washa."

Natoa amri. Taa zinawaka, mashine zinaguna, mtoto anatikisa mguu. Moshi nao unaingia taratibu chini ya mlango. Hapo ndipo shangazi aliponikamata ukosi wa gauni. Mkono wake ulikuwa wa baridi, na wenye nguvu kuliko alipokuwa hai.

"Mimi nimezaa, Bi Injinia. Usinifundishe kwamba mtoto anahitaji umeme. Niambie mtambo utauzima lini."

Nageukia kalenda ya ukutani. Haina tarehe hata moja.

"Huna siku," akasema, na akanisukuma.

Nikaamka nimejibanza ukutani. Kulikuwa kunapambazuka. Nilikaa kitandani nikihema, nikaanza kuwaza betri kubwa zilizofungwa kwenye uwanja wa sola, zile za kuhifadhi umeme wa mchana tuutumie jioni. Zilikuwa zinasubiri kuunganishwa tu. Kila zilipocheleweshwa hakuna aliyepiga kelele, kwa kuwa dizeli ilikuwepo.

Zuhura alikuwa uani anapepea mkaa.

"Nimemwota mama yako," nilimwambia.

Akaacha kupepea. "Amekusamehe?"

"Hapana."

Ndipo aliponitazama, kwa mara ya kwanza tangu nifike. "Alisema nini?"

"Aliuliza mtambo utazimwa lini. Basi leo sitawaeleza watu kwa nini unawaka. Nitawauliza wakubwa wangu, mbele ya watu wote, betri zitaunganishwa siku gani. Na siku hiyo wasipoitaja, mimi sinyanyuki."

"Na tukisema uzimwe leo hii?"

"Nitakataa, Zuhura. Wodi ile siwezi kuitia giza."

Akapepea tena, uso umekunjamana vilevile. Cheche zikaruka.

"Watakufukuza kazi," akasema.

"Huenda."

"Basi usije ukakaa mbele pamoja nao." Akainuka, akajipangusa majivu. "Utakaa na sisi."