Nilimtafsiria Mdogo Wangu Uongo Akiwa Kitandani Hospitalini

Admin, naomba unifichie jina, humu nina ndugu wengi. Mimi ni mwanamke wa miaka 36, nimeolewa hapa Kitai, nauza nguo za mitumba. Kwetu ni kule ziwani. Kwa mama tulizaliwa wawili tu, mimi na mdogo wangu ambaye hapa nitamwita Kolesta. Ana miaka 28. Alipokuwa na miaka mitatu aliugua homa kali, akapona, lakini hakusikia tena.

Shule hakupelekwa. Tulijitungia ishara zetu za nyumbani, na mimi ndiye niliyemwelewa kuliko mtu yeyote. Zahanati naenda naye, ofisi ya kijiji naenda naye, hata aliyetaka kununua usipa, dagaa aliokuwa akiuza, alinitafuta mimi kwanza. Sitawadanganya, nilipenda hivyo. Kuna raha yake mtu akishindwa kusema jambo lolote bila wewe.

Halafu akapata mwanaume, naye kiziwi, fundi viatu wa Mbinga mjini. Huyo alisoma shule ya viziwi, akamfundisha lugha ya alama yenyewe. Walikuwa wakiongea mbele yangu mambo nisiyoyajua, wanacheka, na mimi nakaa pale kama mgeni. Kolesta alipopata mimba, mama aliniambia, "Viziwi wawili watalea nini? Mtoto akilia nani atasikia? Huu mzigo utanirudia mimi, mwanangu." Nikamjibu, "Mama, hilo niachie."

Uchungu ulimshika akiwa kwa mama, mume wake yuko Mbinga. Tulimpeleka hospitali, daktari akasema mtoto amekaa vibaya, apasuliwe. Pale wodini hakukuwa na mtu hata mmoja aliyejua ishara. Nesi aliponiona alishukuru. Mimi ndiye niliyemwuliza kama wanaweza kumfunga kizazi humohumo. Akasema, "Inawezekana, ila lazima akubali mwenyewe. Mwulize."

Niligeuka kwa mdogo wangu. Alikuwa anatoka jasho, amenishika mkono. Nikamwonyesha tumbo linapasuliwa, mtoto anatoka. Basi. Ya kufungwa sikumwonyesha. Kisha nikamwuliza kwa ishara kama anaogopa. Akaitikia kwa kichwa.

Nesi akauliza, "Amekubali?"

"Amekubali."

"Dada, umemweleza vizuri? Hii haifunguki."

"Nimemweleza, ni mdogo wangu huyu."

Nikamshika dole gumba, nikalibandika kwenye karatasi ya kwanza, ya upasuaji, kisha na ya pili, ya kufungwa.

Alizaliwa mtoto wa kike. Alifariki siku ya tatu.

Ndugu zangu, kwa miaka mitatu baada ya hapo Kolesta alitafuta mtoto mwingine. Alikuwa akija kwangu anagusa tumbo lake, anafungua viganja kuniuliza kwa nini. Nikamwambia avumilie. Nilimpeleka kwa mama mmoja anayechemsha mizizi, akanywa ile dawa chungu mwezi mzima. Nilimpeleka kanisani akawekewa mikono, na mimi nikapiga magoti pembeni yake, nikafumba macho kama ninaomba.

Mwaka huu mume wake alimpeleka Songea kupimwa, safari hii wakiwa na mkalimani wa lugha ya alama. Daktari alimweleza kila kitu. Kolesta alirudi amekonda kama mtu aliyetoka msibani. Aliniambia kwa ishara zetu za zamani, "Walinikata bila kuniuliza. Wewe ulikuwepo. Utasema."

Walipeleka malalamiko halmashauri, na afisa ustawi wa jamii akaitisha kikao: mtu asiyesikia ana haki ya kuelezwa kwa lugha anayoielewa, kwa nini hospitali haikutafuta mkalimani? Siku ya kikao mkalimani akapiga simu kwamba gari limeharibika njiani. Afisa akasema, "Si dada yake yupo? Atutafsirie, tusipoteze siku." Mume wake alikataa, akaandika kwenye karatasi kwamba wamsubiri mkalimani. Kolesta akamsukuma mkono. Akanionyesha mimi, kwamba ninamtosha.

Nesi wa siku ile, ambaye naye aliitwa, akasimama, akasema, "Nilimwuliza kupitia huyu dada yake, mara mbili. Akaniambia amekubali."

Afisa akanigeukia. Nikasema, "Si kweli. Hakuniuliza kitu." Kisha nikamgeukia mdogo wangu nikamtafsiria, "Anasema hakuona sababu ya kukuuliza. Anasema viziwi hawaelewi."

Kolesta alinyanyuka taratibu, akamfuata nesi, akamtemea mate usoni. Yule nesi hakujipangusa. Alikuwa ananitazama mimi.

Sasa nesi amesimamishwa kazi. Alinifuata hapa Kitai, akanikuta na wateja, akasubiri mpaka wakaondoka. Hakunitukana. Alisema tu, "Dada, kosa langu nalijua, nilikuamini. Lako unalijua wewe."

Kikao kinarudiwa Jumanne na mkalimani atakuwepo. Nesi atayasema yaleyale, na safari hii Kolesta atayapata yalivyo. Mama anasema nikaze hivyohivyo: "Nesi atapata kazi nyingine, wewe hutapata mdogo mwingine." Mume wangu hajui lolote. Yule fundi viatu nadhani ameshahisi, maana tangu siku ile hanipi mkono.

Ninavyoandika hapa Kolesta yuko jikoni kwangu anapika. Amekuja tangu jana ili twende pamoja Jumanne. Asubuhi aliniambia kuwa kwenye kile kikao hakuogopa mtu kwa sababu aliniona mimi nimekaa upande wake.

Naweza kumwambia leo, mwenyewe, kwa mikono hii hii. Au nisubiri aambiwe na mgeni mbele ya watu. Au nimkane nesi mara ya pili, labda wataniamini. Najua mtanitukana, nitukaneni, lakini mkimaliza nisaidieni: mngekuwa mimi mngefanya nini kabla ya Jumanne?